Taa za chumba cha mikutano zinajiwasha tukishazizima

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni ofisa utawala. Chumba chetu cha mikutano kina sensa darini na swichi ukutani, vyote vya KNX, mfumo wa kuunganisha na kuendesha taa na vifaa vya jengo. Tukizima taa ili picha ya projekta ionekane, mtu akijitikisa tu zinawaka. Aliyetufungia ametushauri tuizibe sensa kwa karatasi. Hakuna njia nyingine?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, karatasi hiyo ibandueni leo. Sensa yenu ni nzima. Kwa maelezo yako, swichi inatuma amri moja kwa moja kwenye rilei ya taa (kifaa kinachowasha na kuzima umeme wa taa), na sensa nayo inatuma yake huko huko. Ukizima, sensa haina habari. Ikiona mtu kajigeuza kitini, inawasha.

Dawa ni amri ya swichi ipitie kwa sensa. Sensa nyingi za KNX zina sehemu ya kupokea amri ya mkono. Fundi afungue mradi wenu kwenye ETS, programu ya kompyuta ya kupangia mfumo wa KNX, aitoe swichi kwenye anwani ya kundi ya rilei (anwani inayopokea amri za rilei hiyo), aipe anwani mpya inayoingia kwenye sehemu hiyo, kisha apakie mipangilio mipya kwenye swichi na sensa. Hakuna waya unaoguswa. Baada ya hapo mkizima, taa zitabaki zimezimwa mpaka chumba kiwe kitupu na muda wa kusubiri uishe, ndipo sensa irudi kazini yenyewe.

Muda huo ndio wengi wanaukosea. Sensa ya aina hii inafuata joto linalosogea. Watu waliotulia wakitazama picha hawasogei. Ukiweka dakika 5, itaona mmeondoka, itafuta amri yenu, na wa kwanza kunyoosha mkono achukue maji atawasha taa. Chumba cha mikutano mimi nakiwekea dakika 20 hadi 30. Kwa majaribio aweke dakika 1: zimeni, tokeni wote, fungeni mlango, subirini muda upite, kisha mmoja aingie. Taa ziwake. Halafu arudishe muda wa kweli.

Msikubali fundi aifunge sensa isifanye kazi bila muda wa kujirudisha. Atasahau mtu kuirudisha, na taa zitawaka usiku kucha. Sensa za ngazi na korido za kutokea zisiguswe kabisa. Giza la ngazini linavunja watu miguu.

Tena, mdaini faili la mradi wa ETS. Mmelilipia, na bila hilo fundi mwingine atalazimika kuupanga mfumo upya. Kama bado anawadai salio, faili litangulie.