Muulize Bi Mpishi: Giligilani imegeuka nyeusi kwenye hotpoti

*Shikamoo Bi Mpishi. Napika chakula cha shughuli ndogondogo hapa Tabata: hitma, kipaimara, sendofu. Juzi nilipeleka pilau na rosti ya kuku kwenye hotpoti, juu nimenyunyizia giligilani mbichi na hoho za rangi tatu. Tulipofunua ukumbini, majani yalikuwa meusi na yamelala. Mwenye shughuli akaniuliza kama ni kiporo. Nifanyeje? — Mama wa Tabata*

Marahaba mwanangu, na pole. Majani yako hayakuoza, yamepikwa. Ukishafunika hotpoti, mvuke wote wa pilau unabaki humo humo, na jani laini kama la giligilani haliwezi kuuvumilia hata kwa nusu saa. Tena hata kama rangi ingebaki, harufu isingebaki. Harufu yake imo kwenye mafuta mepesi yanayoruka yakikutana na joto, kwa hiyo aliyefaidi ni yule aliyefunua.

Giligilani isafiri peke yake. Ioshe nyumbani, ikaushe vizuri, izungushie kitambaa chenye unyevu kidogo, uiweke kwenye kopo la plastiki bila kuikata. Chukua na kisu na ubao. Ukatie pale pale ukumbini, wakati watu wananawa mikono. Na kisu kiwe kikali! Kisu butu kinaponda; ukimaliza kukata, ubao umejaa maji ya kijani, na utamu wako ndio huo umebaki ubaoni. Kunja fungu, pitisha kisu mara moja, basi. Usirudierudie kama unakata kisamvu.

Mashina membamba usiyatupe. Yana ladha kuliko majani. Yatwange pamoja na kitunguu saumu na tangawizi, uyatie kwenye rosti mwanzoni, halafu majani yaje juu mwishoni. Mlaji atakutana na giligilani mara mbili, na kila mara ina ladha yake.

Sasa nikuambie ukweli wangu kuhusu pilau: mimi silipambi kwa giligilani. Pilau lina bizari nyembamba, mdalasini, hiliki na karafuu, limeshatosha. Kinachofaa juu yake ni vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa hudhurungi na kukauka, navyo vibebe kando, uvinyunyizie wakati wa kupakua ili viwe bado vinalia mdomoni. Kachumbari ikae pembeni. Giligilani ipeleke kwenye rosti, kwenye supu, kwenye maharage ya nazi, huko ndiko kwake.

Na hizo hoho za rangi tatu, hasa ile nyekundu na ya njano ambazo bei yake unaijua, hebu simama karibu na beseni la vyombo vichafu sahani zinaporudi. Utaona vipande vimesukumwa ukingoni. Mimi kipimo changu ndicho hicho: kitu ambacho mgeni anakisogeza kwa kidole ndipo ale, hakina kazi kwenye sahani. Ua la ganda la nyanya limo humo humo, najua vyuoni wanalifundisha na mtihani wanalitungia. Kipande cha ndimu kinakamuliwa, pilipili mbuzi inadonolewa na wanaoipenda, kitunguu kinatafunwa. Hayo ndiyo mapambo.

Kuosha nako kusije kukaponyoka, maana jani hili linaliwa bichi, na mboga nyingi za mjini zinamwagiliwa maji ya mabondeni ambayo wewe mwenyewe usingenawia uso. Jaza beseni maji mengi, zamisha fungu, tikisa, kisha toa majani kwa mkono. Usimwage maji na majani kwa pamoja, ule mchanga uliotulia chini utarudi wote juu. Badili maji hadi usione mchanga chini ya beseni. Suuzo la mwisho liwe la maji ya kunywa yaliyochemshwa.

*Bi Mpishi, mimi dania, hiyo giligilani yenu, naisikia kama sabuni ya kufulia. Mama mkwe wangu anaitia kila kitu, hata kwenye viazi vya chai, na ananiona najidai. — Baba Ken, Nairobi*

Hujidai, baba. Dania ina kemikali ziitwazo aldehaidi, na za jamii hiyo zimo pia kwenye sabuni. Baadhi ya watu pua zao hunasa harufu hiyo kwa nguvu zaidi, na wataalamu wamelihusisha jambo hilo na jeni ya kunusa uliyozaliwa nayo. Mwombe mama, kwa adabu zote, aiweke kwenye bakuli lake pembeni kila mtu ajitilie. Wewe tumia vitunguu majani na nanaa kidogo. Ukitaka kujaribu tena siku moja, anza na chatne iliyosagwa, ikaachwa kidogo. Ikishapondwa ule usabuni hupungua.

*Assalaam alaykum. Mwanangu amesomea upishi na sasa yuko hoteli ya kitalii. Akija nyumbani anaweka mrehani juu ya samaki na ua la bustanini pembeni ya sahani. Bibi yake amekataa kula, anasema mrehani ni wa kikuba, kile kishada cha kunukia cha kujipamba. Nani yuko sawa? — Mama Salma, Unguja*

Waalaykum salaam. Bibi ana haki yake. Kwa mtu aliyekua akifungiwa kikuba cha asmini, kilua na mrehani, kuukuta juu ya samaki ni kama kukuta marashi kwenye mchuzi. Lakini mtoto naye hakukosea. Mrehani wanaousaga watu wa Genoa kule Italia pamoja na kitunguu saumu, jibini na mafuta ya zeituni ni mmea huo huo, ila aina yao ina majani mapana na laini. Wetu ni mkali. Majani mawili matatu yanatosha samaki mzima, yachanwe kwa vidole na yatiwe samaki akishatoka motoni. Au aanze na nyanya mbivu, chumvi na ndimu, bibi aonje bila kulazimishwa. Mrehani usiingie friji, utakuwa mweusi. Usimamisheni kwenye glasi ya maji mezani. Na asije akachuma kivumbasi akidhani ni ule ule.

Kwenye ua ndipo nitakapomkaripia. Alamanda, lile la njano lenye umbo la tarumbeta linalopandwa kwenye fensi, ni sumu, litaharisha watu. Waridi au asmini ya nyumbani isiyopigwa dawa, sawa.

*Nakaa ghorofani Kinondoni. Nikiotesha giligilani kwenye ndoo inapanda juu na kutoa maua kabla sijaitumia. — Kijana wa Kinondoni*

Ni joto la Dar. Giligilani inapenda ubaridi. Otesha zaidi kati ya Juni na Agosti, ndoo ipate jua la asubuhi tu, na usisie mbegu zote siku moja. Mwaga kidogo, baada ya wiki mbili kidogo tena. Mbegu za duka la viungo zinaota ilimradi hazijakaangwa. Zipasue kwanza kwa chupa, kila punje ina mbegu mbili ndani. Zimwage hapo hapo zitakapokulia, haipendi kuhamishwa.

Ikishatoa maua usiing'oe. Subiri punje za kijani, uzitwange kwenye chatne ya nazi na pilipili, utanishukuru. Nanaa ni rahisi zaidi: nunua fungu sokoni, kata shina chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji dirishani hadi itoe mizizi. Ipe ndoo yake peke yake, ikichanganywa na giligilani itaifukuza.