Madesa ya "chakula ni umoja, zimwi ni uovu" yalinipa sapu

Mdogo wangu, weka chini hiyo karatasi. Umeuliza karamu za Beowulf, utenzi wa kale wa Kiingereza, na kiumbe aliyeundwa na mwanasayansi katika riwaya ya Frankenstein vina maana gani, halafu ukasema umeshapata madesa, yaani notisi za kukariri: chakula ni umoja, zimwi ni uovu. Nayajua. Niliyanunua steshenari moja ya Igoma, Mwanza, nikayamwaga yote kwenye insha, nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio.

Niliandika kwamba kiumbe wa Frankenstein ni uovu unaovamia familia yenye umoja. Msahihishaji akaandika pembeni: "Umesoma kitabu?" Sikuwa nimekisoma. Kumbe kiumbe yule anajificha kwenye kibanda kilichopakana na nyumba ya watu maskini, anawaibia chakula usiku. Akigundua kwamba wizi wake unawaumiza, anaacha mwenyewe, anakwenda kula matunda na mizizi ya porini, na kuni anawatafutia. Siku anayoingia ndani yupo mzee kipofu peke yake, naye anampokea. Kiumbe anamwambia chakula anacho, anahitaji joto na kupumzika tu. Wenye macho wakarudi, akapigwa fimbo. Nami nikamwita yeye mvamizi! Likizo wenzangu walikwenda kwao, mimi nikabaki kusubiri sapu.

Aliyeniuzia aliniambia riwaya ni ndefu, hii inatosha. Mpaka leo sijamsamehe. Anawauzia hayo watoto ambao mama zao wanaanika dagaa mwaloni ili wapate ada.

Shika moja tu: ukiona zimwi karibu na chakula, tafuta nani hakukaribishwa. Kwetu ukipita watu wanakula utasikia "karibu tule", hata kama ugali ni wa wawili. Grendel, zimwi la Beowulf, anasikia kinubi na shangwe za Heorot, ukumbi wa karamu wa mfalme, kila siku, yuko gizani, hakuna wa kumwita. Ni uzao wa Kaini. Polyphemus, jitu la jicho moja katika utenzi wa Kigiriki wa Odisea, ni kinyume chake: wageni wanaomba ukarimu, yeye anawala wao, na zawadi anayomwahidi kiongozi wao Odysseus ni kumla wa mwisho. Hata Shing'weng'we, zimwi la hadithi za bibi zetu Wasukuma, aliyemeza watu na mifugo mpaka kijana Masala Kulangwa akampasua wakatoka hai, tumbo lake ni sinia la mtu mmoja.

Leo usiku fungua pale kwa mzee kipofu. Soma mpaka fimbo.