Kufundisha Uandishi wa Dondoo Kupitia Mada ya Biashara ya Watumwa

Mwalimu anayejaza ubao kwa maelezo na kuwaacha wanafunzi wayanakili neno kwa neno huwa amekwisha kufikiri kwa niaba yao, na kazi inayowabakia ni ya mkono tu. Desturi hiyo imeota mizizi katika shule nyingi za sekondari hapa Uganda, kwa kuwa vitabu ni vichache, madarasa yamefurika, na mtihani wa taifa haukosi kumnyemelea mwalimu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi atafute na kupanga maarifa mwenyewe, jambo asiloliweza ikiwa hajafundishwa kuandika dondoo, yaani kunukuu mambo makuu kwa ufupi na kwa maneno yake mwenyewe. Mimi huifundisha stadi hiyo katika mada ya biashara ya watumwa Afrika Mashariki, nami nawashauri walimu wenzangu wafanye vivyo hivyo, maana katika mada hii dondoo mbovu hudhihirika upesi.

Kwanza, kalamu ziwekwe chini. Kwa dakika chache huwasimulia wanafunzi safari ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha Ujiji, pamoja na tawi lililopanda kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda, ambako wafanyabiashara wa pwani walifika katika miaka ya 1840, enzi za Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Suuna wa Pili. Wakiwa wamesikiliza tu, ndipo hufungua madaftari na kuzigawa kurasa sehemu mbili: upande mwembamba wa kushoto ni wa maswali, upande mpana wa kulia ni wa majibu kwa maneno yao. Njia za misafara huchorwa kwa ramani, hata kama Ziwa Viktoria litafanana na kiazi.

Kanuni ninayoisimamia kwa ukali kuliko zote ni kwamba kila dondoo iwe na mtendaji. Mwanafunzi akiandika kwamba watu walikamatwa na kuuzwa, humwuliza: walikamatwa na nani, wakauzwa kwa nani, na mnunuzi aliwatakia nini? Majibu hayampendezi kila mtu. Wamo wafanyabiashara wa pwani kama Tippu Tip. Limo baraza la Kabaka Mutesa wa Kwanza, lililopata nguo na bunduki kwa pembe za ndovu na mateka. Wamo pia wafanyabiashara waliotoka Khartoum, waliokuwa na kituo Patiko, katika nchi ya Waacholi, kabla Mwingereza Samuel Baker, aliyetumwa na serikali ya Misri, hajapageuza kuwa ngome yake mwaka 1872. Wamo wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, na wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa. Katika darasa lenye watoto wa Buganda na wa Acholi kwenye dawati moja, ubishi huzuka mara, na sioni sababu ya kuuzima. Dondoo yenye majina huufanya ubishi huo ushikamane na yaliyotendeka, usigeuke kuwa matusi ya kabila kwa kabila. Aidha, siruhusu watu waorodheshwe katika mstari mmoja na pembe na nguo kana kwamba vyote vilikuwa bidhaa za namna moja. Waliotekwa huandikiwa mstari wao.

Mahali panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye mikataba ambayo Waingereza walifunga na Sultani aliyetawala Zanzibar. Wengi huandika tu kwamba biashara ya watumwa ilikomeshwa mwaka 1873, na dondoo hiyo huwaponza katika mtihani. Kwa hiyo huwaagiza kuandika, kando ya kila mwaka, ni kitu gani hasa kilichokatazwa. Mkataba wa 1822 ulizuia kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Ule wa 1845 ulizuia kuwasafirisha nje ya himaya ya Sultani katika Afrika Mashariki. Ule wa 1873, aliotia saini Sultan Barghash, ulipiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari na kulifunga soko la Zanzibar. Hali ya utumwa kisheria huko Zanzibar iliondolewa mwaka 1897. Mwanafunzi aliyeandika hivyo ataona mwenyewe kwamba kati ya 1873 na 1897 palikuwa na watu waliobaki watumwa ingawa soko lilikuwa limefungwa.

Kuhusu lugha, historia kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini simzuii mwanafunzi kuandika pembeni neno la Kiluganda, la Kiacholi au la Kiswahili likimsaidia kukumbuka. Vifupisho navyo ni halali, mradi aweze kuvisoma baada ya mwezi.

Sisahihishi dondoo kwa kutazama uzuri wa mwandiko. Katika kipindi kinachofuata wanafunzi hubadilishana madaftari, kitabu cha kiada kikiwa kimefungwa, na kila mmoja hujibu swali moja kwa kutegemea dondoo za mwenzake peke yake: kwa nini mkataba wa 1873 haukuumaliza utumwa? Mwenye daftari haruhusiwi kufafanua alichoandika. Pale msomaji anapokwama huweka alama kwa penseli, na daftari likirudi, mwenyewe hujaza pengo hilo kwa wino wa rangi nyingine, ili nami nikipita nione ni wapi palipokuwa pamepungua.