Sindano ya mgongo: maswali yenu

Tangu upuliziaji wa mikorosho uanze inbox imejaa migongo, najibu machache.

Nimebeba pampu ya salfa wiki nzima huku Tandahimba, kiuno kimekaza. Nichome ile sindano ya uti wa mgongo?
Hapana kaka. Ile ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inawekwa karibu na mshipa wa fahamu uliobanwa. Anayeweza kufaidika ni yule maumivu yanamshuka toka kiunoni mpaka chini ya goti, na hata yeye nafuu ni ya wiki au miezi tu. Kiuno cha pampu mara nyingi kinaachia chenyewe, we tembeatembea tu usilale kutwa.

Kweli watu wanapooza?
Inatokea ila ni nadra sana. 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba sindano hizi mara chache zinaleta kiharusi, upofu, kupooza hata kifo. Baadhi ya steroidi zina chembechembe, sasa ncha ikiingia kwenye mshipa wa damu zile chembe zinaziba, uti unakosa damu, na shingoni hatari ni kubwa kuliko kiunoni, ndo maana daktari anayejua kazi anachoma huku anaangalia eksirei kwenye skrini. Halafu 2012 hukohuko Marekani dawa yenyewe ilitoka na fangasi, watu zaidi ya 700 wakaugua na zaidi ya 60 wakafa. So mtu akitaka kukuchoma mgongoni kwenye kachumba ka nyuma ya duka la dawa, nyanyuka uondoke.

Nina sukari, nimepangiwa mwezi ujao.
Mama, sukari itapanda siku kadhaa, pima kila siku. Na kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda sema mapema, usiiache kimyakimya.

Nilichomwa mgongo wakati wa kupasuliwa kujifungua, miaka mitatu sasa kiuno kinauma.
Dada, ile ni ganzi, dawa tofauti. Pale ilipoingia panauma siku chache, wengine kichwa kinagonga wakikaa na kutulia wakilala, basi. Miaka mitatu hiyo ni mimba, kubeba mtoto na ndoo za maji, kapime.

Nimechomwa juzi Dar, leo nina homa, mguu mzito na mkojo hautoki.
Acha kusoma, hiyo ni dharura, chukua bajaji uende hospitali ya Ligula hapa Mtwara sasa hivi.