Prado, mawe ya Magadi na tairi lenye meno mengi kupita kiasi

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nina Prado ya 2012 ya petroli, injini ya cc 2700, yenye matairi ya lami ya 265/65R17. Naishi Lang'ata na kazi yangu iko Upper Hill. Kila baada ya wiki mbili nateremka Barabara ya Magadi kwenda kuangalia mbuzi wangu. Nikishaiacha lami kuna kama kilomita 40 za mawe na vumbi, na wakati wa mvua ni tope jeusi. Mwaka huu nimepoteza matairi mawili. Moja lilitobolewa usoni na jiwe, jingine likachanika ubavuni. Hilo la pili nilishonewa na sasa ndilo spea. Huwa najaza psi 40 ili yawe magumu. Rafiki yangu anasema niweke M/T, yale ya tope. Muuzaji wa Barabara ya Kirinyaga anasema nichukue A/T, yale ya lami na njia mbovu, za 265/70R17, "ply 10". Je, naweza kuanza na mawili tu? Bei zimepanda sana.

JIBU: Salama, ndugu yangu. Umenisaidia kwa kutaja mahali kila tairi lilipoumia, maana wengi huniambia tu "limepasuka." Uso na ubavu ni magonjwa mawili tofauti.

Tuanze na uso. Gari lako halihitaji psi 40. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye fremu: presha iliyoandikwa hapo ni ya chini zaidi, karibu na 29. Tairi lililojazwa kupita kiasi halibonyei likikutana na jiwe, kwa hiyo uzito wote wa upande ule unaangukia ncha moja ya jiwe, nayo inapenya. Likiwa na upepo wa kiasi, raba inalikumbatia jiwe na kulivuka. Tena psi 40 inakula raba ya katikati kabla ya kando, na inakutikisa hadi meno yako mwenyewe.

Ubavu ni habari nyingine. Hapo presha ikishuka mno ndiyo hatari, maana ubavu unafura na kujitokeza nje ya meno, na mawe yale ya kule chini ni ya volkano, makali kama shoka. Matairi uliyo nayo ya lami yana ubavu mwembamba. Upepo hautaponya jambo hilo. Unahitaji tairi lililojengwa kwa namna nyingine.

Kwa hiyo muuzaji wako amekwambia nusu ya ukweli. A/T ndiyo, na yale mazito ndiyo. Tafuta herufi LT, yaani tairi la gari dogo la mizigo, mwanzoni mwa saizi ubavuni. Hiyo "ply 10" usidhani ni matabaka kumi; ni jina la zamani la daraja la uzito, siku hizi huandikwa E. Tairi la kawaida la saizi yako lina namba 112, yaani linabeba kilo 1,120. Manne yanabeba karibu tani nne na nusu, na Prado yako ikijazwa pomoni haifiki tani tatu. Kwa hiyo LT hununui kwa sababu ya uzito. Unanunua ubavu mnene. Bei yake ni kilo kadhaa zaidi kwa kila gurudumu, na injini ya 2700 itakulalamikia ukipanda kurudi Kona Baridi. Mtu anayekwenda Naivasha na kurudi kwa lami ningemkataza. Wewe umeshachana ubavu, basi lipa petroli hiyo.

Nusu nyingine ya maneno yake siikubali. 265/70R17 ni refu kuliko lako kwa milimita 26 hivi. Kati ya hizo, gari linainuka 13 tu, upana wa kidole. Kwa ajili ya kidole hicho, kipimo cha mwendo kikisoma 100 wewe uko 103, gari linazidi kuwa zito kuondoka, na spea ya zamani hailingani tena na mengine. Baki na 265/65R17.

M/T sahau. Siku tano kwa wiki uko kwenye lami, na tairi lenye meno makubwa yaliyoachana linagusa barabara kwa raba kidogo. Asubuhi ya mvua Lang'ata Road, matatu ikifunga breki mbele yako ghafla, ndipo utajua. Ni kweli tope linatoka haraka zaidi kwenye mianya yake, lakini tope jeusi halina adabu. Nimewahi kukwama na M/T mpya kabisa, lami naiona kwa macho, kwa sababu tope lilijaza kila mwanya na matairi yakageuka maandazi. Siku ya mvua kubwa, mbuzi watakusubiri kesho.

Sasa mawili. Kwa Prado, hapana. Hilo ni gari ambalo magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. A/T jipya lina meno ya milimita 12 hivi. Yako yaliyochakaa labda yamebaki na 4. Tofauti ya kipenyo inakuwa milimita 16, kama asilimia 2, na difu ya katikati itafanya kazi ya kusawazisha kila mzunguko, kutoka Lang'ata hadi Magadi. Subiri mwezi mmoja ununue manne. Ukiweza matano, bora zaidi. Yazungushe yote kila kilomita 10,000, spea ikiwemo.

Dukani, usiishie kutazama meno. Tafuta neno DOT ubavuni na namba nne za mwisho: 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Mimi lililozidi miaka miwili silichukui kwa bei ya jipya, hata likiwa linang'aa. Picha ya mlima wenye chembe ya theluji ni alama ya tairi linalofaa theluji, haikuongezei kitu Kajiado. Na ukiuziwa tairi lililotumika lenye neno STUDLESS, lirudishe: ni la baridi ya Japani, raba yake laini, lami yetu ya mchana italimaliza upesi.

Ukishafunga LT, usifuate tena kibandiko neno kwa neno, maana tairi hilo linataka upepo zaidi kubeba mzigo uleule. Anza na psi 35 kwenye lami, ukipima asubuhi kabla ya kuondoka. Ukifika mwisho wa lami tairi lina joto na kipimo kitasoma juu zaidi. Punguza robo ya kile unachokiona wakati huo, wala usizidi kilomita 60 kwa saa. Nunua pampu ndogo ya umeme ya kuchomeka kwenye gari, ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Watu wananunua matairi manne ya bei mbaya, kisha wanaona pampu ni anasa.

Lile ulilolishona ubavuni litoe kwenye mlango wa nyuma wiki hii, usingoje mapya. Ubavu hukunjuka na kukunjika kila mzunguko, na hakuna uzi wala kiraka kinachovumilia hilo kwa mwendo wa Barabara ya Magadi.