Wimbo wa siku ya kuzaliwa: je, nitadaiwa malipo?

Ndugu muulizaji, umeuliza kama utadaiwa malipo ukiweka mtandaoni video ya wageni wakimwimbia binti yako "Happy Birthday to You". Iweke bila hofu. Hofu hiyo, hata hivyo, haikuzuka hivi hivi: ingawa muziki wake ulichapishwa Marekani mwaka 1893, ukiwa wimbo wa salamu za asubuhi uliotungwa na dada wawili, Mildred na Patty Hill, kampuni ya Warner/Chappell iliendelea kuwatoza watengenezaji wa filamu hadi Septemba 2015, jaji wa shirikisho alipoamua kwamba haikuwa na hakimiliki halali ya maneno yake. Mwaka uliofuata ilikubali kulipa dola milioni 14 ili kesi iishe. (Walioimba sebuleni, kwa kweli, hawakuwa wakidaiwa chochote.)

Linalohitaji uangalifu ni spika: ikiwa mlipiga rekodi ya msanii fulani, rekodi hiyo ina mwenyewe, na video yako inaweza kuzimwa sauti ingawa wimbo wenyewe ni huru. Ningekushauri ubaki na sauti za wageni, hata kama zinapishana.