Kutu ya mibuni: mwache jirani, tazama chini ya jani

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kwa hasira. Mibuni yake inapukutisha majani, kila jani lina unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, dalili ya kutu, ugonjwa wa ukungu, na anataka nimsaidie kuandika barua ya kumshtaki jirani "aliyemwambukiza" kwenye chama cha msingi. Dada yangu, barua hiyo siandiki. Mimi nimewahi kuwa huyo jirani.

Mwaka ule kutu ilipotushukia, shamba langu lilianza kuonyesha manjano kabla ya mengine kwa sababu liko bondeni, ambako umande haukauki mpaka jua lipande. Watu wakaamua kwamba nimeleta ugonjwa pamoja na miche. Kikaoni nilisemwa nikiwa nimekaa palepale, na hakuna aliyeuliza miche ile niliitoa wapi. Majina sitaji. Baadhi yao walikuja baadaye kuuliza dawa. Nikawaelekeza, ila chai sikuwakaribisha.

Wangejua jinsi kutu inavyosafiri wasingenisema. Doa moja hutoa spora, yaani mbegu za ukungu, kwa maelfu na maelfu, nyepesi kama vumbi. Upepo huziokota, matone ya mvua huzirusha toka jani hadi jani, hata nguo za wachumaji huzibeba. Mwaka 1869 kutu iligunduliwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, ikaiangusha kahawa ya kule mpaka wakulima wakahamia chai. Mwaka 1970 ikaonekana Bahia, Brazil. Wabrazil waling'oa mibuni katika ukanda mpana ili kuizuia, nayo ikapita. Watafiti waliopanda ndege kuitega walinasa spora zake mita 1,000 angani. Kufikia 1983 ilikuwa Colombia. Sasa huyo jirani yako alitakiwa ajenge ukuta wa urefu gani?

Lakini upepo peke yake hautoshi, na hapa ndipo mkulima ana nafasi. Spora iliyotua kwenye jani kavu haifanyi lolote. Inataka maji yakae juu ya jani kwa saa nyingi ndipo ichipue, kisha iingie kwa vitundu vya kupumulia, ambavyo kwa mbuni viko upande wa chini tu. Ikishaingia hukaa kimya wiki kadhaa kabla unga haujatokeza. Maana yake, siku unayoona unga, kizazi kingine kimekwisha kuruka.

Ndiyo maana nachoka na watu wanaokimbilia duka la pembejeo baada ya kuona manjano. Mrututu, dawa ya shaba, ni kinga. Hukaa juu ya jani na kuiua spora inapochipua. Iliyokwisha kuingia haiifikii. Pulizia kabla mvua hazijakolea, na urudie kadiri mvua inavyoosha. Pulizia chini ya jani. Narudia, chini ya jani, maana nimeona vijana wa kibarua wakipita na bomba wakilowesha juu tu kama wanabariki harusi, na mwenye shamba ameridhika kivulini. Tumezidi uvivu wa kuinama! Pogoa, ondoa maotea, yaani machipukizi yasiyotakiwa, hewa ipite na majani yakauke mapema asubuhi. Shamba langu la bondeni lina majani mpaka leo, na waliosema wanaliona.

Kuhusu kung'oa mibuni, uliniuliza mwishoni mwa barua yako. Using'oe. Kutu hii huishi kwenye jani lililo hai, na mbuni uliopukutisha huchipua tena ukilishwa vizuri, ingawa mavuno ya msimu ujao yatapungua. Kwenye mapengo panda miche ya aina bora za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, zilizozalishwa zihimili kutu na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Agiza mapema kwenye kitalu kinachotambulika, kabla ya mvua, kwa sababu zikianza kila mtu anataka miche siku hiyohiyo.